Kilkenny: Mji Mdogo wa Ireland Wenye Kasri Iliuzwa Pauni 50, Mboch Aliyechomwa na Mchezo Uliopigwa Marufuku

Wasee wengi wakisikia Ireland wanawaza vitu tatu: mvua, Guinness na Conor McGregor. Wale wachache wamebahatika kufika huko huishia Dublin, wanapiga picha mbili nje ya baa za Temple Bar, wanalipa bei ya kuuma, wanarudi nyumbani. Lakini saa moja na nusu hivi kwa treni kutoka Dublin kuna kamji kanaitwa Kilkenny, na kama ni stori unadai, huko ndio zimejaa.

Kilkenny iko kusini mashariki mwa Ireland, kando ya mto Nore. Sensa ya 2022 ilihesabu watu kama 27,000 pekee. Kwa hesabu yetu hiyo hata si mtaa mzima, ni kona ya Pipeline. Lakini usijaribu kuambia mwenyeji ati huu ni mji mdogo wa kawaida. Yeye anaita jiji, na karatasi anayo: mwaka wa 1609 mfalme James wa Kwanza aliwapea hati ya kuwa jiji. Miaka zaidi ya 400 imepita na bado wanaringa nayo.

Sasa, shida ya miji ya zamani ni moja. Ukienda bila kujua chochote, utaona mawe, mawe tena, halafu kanisa. Baada ya saa mbili umechoka na unatafuta Wi-Fi. Kilkenny inakuwa tamu ukijua venye mambo yalienda: wakubwa walipanga hivi, wananchi wakaishia kufanya vile. Karibu kila kona ya huu mji iko na hiyo stori. Wacha tuipitie, halafu mwisho tuongee makaratasi na venye unafika.

Kwanza, mji wenyewe umekaaje?

Jina Kilkenny linatoka kwa Kiayalandi, Cill Chainnigh, maana yake kanisa la Cainneach. Huyo alikuwa mtakatifu wa karne ya 6, na Waingereza humuita Canice. Kwa hivyo kabla ya kasri na wafalme, hapa palikuwa tu mahali pa watawa na maombi.

Halafu kuanzia 1169 wakaja Wanormani, wapiganaji wenye mizizi ya Ufaransa waliokuwa wameshashika Uingereza miaka 100 na kitu kabla ya hapo. Walipofika Kilkenny wakaona mto, wakaona kilima, wakasema hapa ni petu. Mji mwingi utakaoona una mpangilio wa hizo enzi: barabara nyembamba, vichochoro na kuta za mawe meusi.

Sehemu ya watalii inaitwa Medieval Mile. Upande mmoja kuna kasri, upande mwingine kuna kanisa kuu la St Canice, na katikati kuna kila kitu kingine. Ukitembea bila kusimama ni kama dakika 20 na kitu. Huhitaji mat, huhitaji teksi, huhitaji ramani ya maana. Unahitaji viatu fiti na koti la mvua, period.

Kasri iliuzwa pauni 50

Anza na Kilkenny Castle juu haiwezekani kuikosa. Mnormani mmoja alikuwa anaitwa Richard de Clare, jina la mtaani Strongbow, ndiye alikuwa wa kwanza kuweka ngome hapo miaka ya 1170. Mume wa binti yake, William Marshal, akaanza kujenga ya mawe karibu 1195. Huyu Marshal hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa mmoja wa mashujaa wakubwa wa vita Ulaya nzima wakati huo, na alihudumia wafalme kadhaa wa Uingereza.

Kasri ilikuwa na minara minne kwenye kona nne. Leo ukihesabu utapata mitatu. Jeshi la Oliver Cromwell lilivamia mji 1650 na kuharibu upande mmoja, na ukuta wa huo upande haukurudi. Ndio maana kasri iko wazi upande mmoja, kama mdomo umetoka meno.

Mwaka wa 1391 familia ya Butler ikainunua. Jina lao lenyewe lilitoka kwa kazi: babu yao alipewa cheo cha kusimamia divai ya mfalme. Familia ya kumwaga divai ikaishia kuwa kati ya familia zenye nguvu zaidi Ireland nzima. Walikaa kwa hiyo kasri karibu miaka 550, hadi 1935. Hapo pesa za kuitunza zikawa hesabu ngumu, fanicha ikapigwa mnada, wakahama. Jumba likabaki tupu zaidi ya miaka 30, mvua ikiingia.

Halafu 1967, mkubwa wa familia, Arthur Butler, akauzia watu wa Kilkenny kasri kwa pauni 50. Soma tena. Pauni hamsini. Hata ukipandisha hiyo pesa na gharama ya maisha ya leo, ni kama bei ya boda moja. Alikuwa ameona ni heri iende kwa wananchi kuliko ianguke ikiwa yake. Sherehe ya kukabidhi ilikuwa kubwa hadi Mick Jagger wa Rolling Stones na Marianne Faithfull wakatokea.

Sisi tumezoea stori ya uwanja wa umma kulala ukiwa wa umma na kuamka ukiwa na mwenyewe. Hapa mambo yalienda upande ule mwingine. Leo serikali ndiyo inaitunza. Kuingia ndani unalipa, na kitu usikose ni Picture Gallery, ukumbi mrefu wenye dari ya mbao iliyochorwa rangi hadi juu kabisa. Lakini ile bustani kubwa ya nje ni bure. Jioni utakuta mathe na watoto, wasee wa kukimbia na wanafunzi wamejilaza kwa nyasi ambazo zamani ungezikanyaga tu ukiitwa.

Madam alihepa, mboch akachomwa

Toka kasri, shuka hadi barabara ya St Kieran's, utaona baa ya mawe inaitwa Kyteler's Inn. Watalii hujaa hapo kwa keroro na muziki. Wengi wanajua tu kwamba ni "baa ya mchawi". Stori kamili ni nzito kuliko hiyo.

Alice Kyteler alikuwa mwanamke tajiri wa Kilkenny, kutoka familia ya wafanyabiashara, na ukoo aliooleka ulikuwa wa kukopesha watu pesa. Si unajua venye watu hupenda shylock. Aliolewa mara nne. Waume wake walipokufa, mali iliendelea kumfuata yeye na kijana wake wa ndoa ya kwanza, William Outlaw. Ndiyo, hilo ndilo lilikuwa jina lake la ukweli. Watoto wa wale waume wengine wakaona urithi unawapita hivi hivi, wakaenda kwa askofu wakisema huyu mama anatumia uchawi.

Askofu alikuwa Richard de Ledrede, na yeye alikuwa anadai kesi kama hiyo. Mwaka wa 1324 akamfungulia Alice mashtaka. Lakini Alice alikuwa na watu. Mkuu wa serikali wa hilo eneo, Arnold le Poer, alimshika askofu mwenyewe na kumweka ndani siku 17, hapo hapo kwa kasri umetoka kupiga picha. Askofu alipotoka hakurudi nyuma. Alice kuona maji yamezidi unga, akahepa nchi, na hakuna rekodi inayosema aliishia wapi.

Kijana wake William alishikwa, lakini adhabu yake ilikuwa kusikiliza misa tatu kwa siku mwaka mzima, kulisha maskini na kuezeka paa la kanisa kuu kwa madini ya risasi. Adhabu ya mtu wa pesa, kwa ufupi.

Sasa kulikuwa na Petronilla de Meath. Huyu alikuwa mfanyakazi wa Alice. Mboch. Hakuwa na mume tajiri, hakuwa na mkubwa wa kumpigia. Alichapwa mijeledi tena na tena hadi akakubali kila kitu aliambiwa akubali, na tarehe 3 Novemba 1324 akachomwa moto akiwa hai mbele ya watu, hapo Kilkenny. Ndiye mtu wa kwanza anayejulikana kuchomwa Ireland kwa kesi ya aina hiyo.

Hiyo script tunaijua hata huku. Kitu kikipotea kwa nyumba, wa kwanza kupekuliwa begi ni dada wa kazi. Pesa za madam zilimnunulia njia ya kutoka, na aliyekuwa anamfulia ndiye alilipa bili.

Kuna mambo mawili unaweza ongeza hapo. Moja, mwaka wa 1332, miaka minane baada ya kesi, mnara wa katikati wa kanisa kuu uliporomoka, na wengine husema ni uzito wa risasi ile William aliweka juu. Mbili, msanii wa Marekani Judy Chicago alipotengeneza kazi yake maarufu ya The Dinner Party miaka ya 1970, meza kubwa yenye viti 39 vya wanawake wa historia, kimoja alimpea Petronilla. Baa iko na jina la mwajiri. Kiti kwa meza kilipewa mfanyakazi. Ukiingia hapo kwa glasi moja, mkumbuke.

Mwaka wa 1366: "Msiongee hiyo lugha"

Hii ndiyo stori inafaa Mkenya asimame aisikize vizuri.

Miaka 200 hivi baada ya Wanormani kuingia Ireland, wakubwa wa Uingereza walinotice kitu kinawasumbua. Wale watu wao walitumwa kutawala walikuwa wameanza kuwa Waayalandi. Wanaoa Waayalandi, wanaongea Kiayalandi, wanawapea watoto majina ya Kiayalandi, wanakalisha washairi wa Kiayalandi kwa meza zao. Yaani walikuja kubadilisha watu, wakabadilishwa wao.

Kwa hivyo 1366, Lionel, kijana wa mfalme Edward wa Tatu, akaita bunge hapo Kilkenny na wakapitisha sheria zinaitwa Statutes of Kilkenny. Mwingereza aliyekaa Ireland hakuruhusiwa kuoa Mwayalandi. Hakuruhusiwa kumpa Mwayalandi mtoto amlelee. Alitakiwa kuongea Kiingereza na kutumia jina la Kiingereza, la sivyo anaweza kupoteza ardhi. Hata kupanda farasi bila tandiko kama Waayalandi ilikuwa makosa. Na mchezo wao wa kupiga mpira na fimbo, hurling, ulipigwa marufuku pia.

Kichekesho ni kwamba sheria ya kuambia watu waongee Kiingereza iliandikwa kwa Kifaransa cha Wanormani, juu hiyo ndiyo lugha wakubwa wenyewe walikuwa wanatumia.

Sheria haikufanya kazi. Watu waliendelea kuoana, kuongea na kucheza. Kilichokuja kuumiza Kiayalandi sana ni mambo ya baadaye: njaa kubwa ya miaka ya 1840, watu kuhama, na shule. Karne ya 19 mtoto wa Ireland angevalishwa kijiti shingoni, na kila akiongea Kiayalandi kinakatwa alama. Jioni alama zinahesabiwa, anachapwa. Kama ulisoma shule ambayo walikuwa wanakuvalisha diski kwa sababu umeongea kikwenu ama Sheng, hapo umeshaelewa. Watoto wa pande zote mbili waliipata kwa dola moja, ile ya Uingereza.

Leo Kiayalandi ndicho lugha rasmi ya kwanza kwa katiba ya Ireland. Wanaokitumia kila siku ni wachache, lakini utakiona kwa kila kibao cha barabarani, juu ya Kiingereza. Ukishuka treni utaona Cill Chainnigh imeandikwa hapo kwa jiji ambalo lilitungiwa sheria ya kukiua. Piga hiyo picha kwanza.

Na ule mchezo je?

Hurling ilipigwa marufuku Kilkenny. Sasa uliza ni kaunti gani imeshinda hurling mara nyingi zaidi Ireland nzima. Ni Kilkenny. Kufikia ubingwa wao wa 2015 walikuwa wamechukua kombe la All-Ireland mara 36, na hakuna kaunti imewafikia.

Kama hujawahi kuona hurling, fikiria hoki, raga na vita vya shule vimewekwa kwa blenda. Kila timu ni watu 15. Kila mmoja ako na fimbo ya mti inaitwa hurley, na mpira mdogo mgumu unaitwa sliotar. Unaweza kupiga mpira ukiwa chini, ukiwa hewani, ama ukimbie ukiwa umeubalansi kwa ncha ya fimbo. Goli ni kama herufi H. Ukipitisha mpira juu ya mti wa katikati ni pointi moja, ukiingiza chini kwa nyavu ni pointi tatu. Mechi kubwa ni dakika 70. Helmeti ni lazima kwa kila mtu tangu 2010, na ukiona kasi ya ule mpira utashangaa walikuwa wanacheza aje bila.

Kitu kitakushtua zaidi ni hii: wachezaji hawalipwi mshahara. Ni mchezo wa ridhaa. Yule jamaa umeona akishangiliwa na watu 82,000 kwa uwanja wa Croke Park huko Dublin, Jumatatu ako kazini, pengine anafundisha darasa ama ako shambani. Na anachezea kaunti yake, hakuna kununuliwa na timu tajiri. Henry Shefflin wa Kilkenny alishinda medali 10 za All-Ireland kwa mpango huo huo. Kocha wake Brian Cody alichukua mataji 11, yakiwemo manne mfululizo kutoka 2006 hadi 2009. Wanawake wao hucheza camogie, ambayo ni hurling yao, na 2022 timu ya Kilkenny ilibeba kombe la taifa.

Timu inaitwa Cats. Kuna stori ya zamani ya paka wawili wa Kilkenny waliopigana hadi zikabaki mikia tu. Ukitembelea mji wakati wa msimu, kutoka mapema mwaka hadi Julai, angalia kama kuna mechi uwanja wa Nowlan Park. Uko hapo hapo mjini, na utaelewa Kilkenny zaidi kwa hizo dakika 70 kuliko kwa makavazi yoyote. Jezi ni mistari ya nyeusi na manjano. Usivae nyingine.

Kona zingine za kusimama

St Canice's. Kanisa kuu ni la karne ya 13, lakini mnara wa mviringo ulio kando yake ni mzee zaidi, tangu kabla Wanormani wafike. Una urefu wa mita 30 hivi na ni kati ya minara michache sana ya aina hiyo Ireland ambayo bado unaruhusiwa kupanda hadi juu. Ngazi ni za mbao, zinabana na ni zaidi ya 100. Kama huwa unaogopa nafasi ndogo, baki chini ushike simu za wengine. Ukifika juu unaona mji wote.

Rothe House. Mfanyabiashara John Rothe alijenga nyumba ya kwanza 1594. Familia ikakua, akajenga ya pili nyuma, halafu ya tatu nyuma tena, akamaliza 1610. Kila landlord wa Nairobi ataelewa huyo mzee: ploti ni moja, unaongeza tu kurudi nyuma. Tofauti ni kwamba Rothe aliacha nafasi ya ua na bustani nzuri, na hadi leo unaweza kukaa hapo.

Butter Slip. Hiki ni kichochoro chembamba chenye ngazi kinachounganisha High Street na St Kieran's. Kilikuwa cha wauza siagi, na jina likabaki. Hapo ndipo picha zako za Instagram zitatoka.

Medieval Mile Museum. Iko ndani ya kanisa la zamani la St Mary's, la karne ya 13, na ilifunguliwa 2017. Ina makaburi ya matajiri wa mji yaliyochongwa vizuri. Kama mvua imekunyeshea, ingia.

Black Abbey. Kanisa la Wadominiko tangu 1225, bado linafanya misa. Limeitwa jeusi kwa sababu ya majoho meusi ya watawa. Dirisha lake kubwa la vioo vya rangi linafaa kuonwa jua likiwa limetoka.

Halafu utasikia Kilkenny ikiitwa Marble City. Usibishane nao, lakini ile marumaru yao nyeusi si marumaru. Ni mawe ya chokaa ambayo ukiyang'arisha yanakuwa meusi tii, na ukiangalia karibu unaona mabaki ya viumbe vya baharini vya mamilioni ya miaka ndani yake.

Dishi na keroro

Asubuhi agiza Full Irish: mayai, soseji, bekoni, nyanya, uyoga na mkate. Pembeni kutakuwa na vipande viwili vyeusi vya mviringo vinaitwa black pudding. Wazungu wengine huviogopa. Wewe usiogope, ni damu na nafaka zimetiwa viungo na kupikwa kama soseji. Ni binamu ya mutura, ila hii imeenda shule ya bweni.

Bia ya mji ni Smithwick's, na usiitamke venye imeandikwa, sema "Smitiks". Ilianzishwa 1710 kando ya magofu ya abasia ya Wafransisko, na ikatengenezwa hapo miaka 300 hadi kiwanda kikafungwa 2013 na kazi ikapelekwa Dublin. Mwenye kuhamisha ni Diageo, kampuni ile ile ambayo kwa miaka mingi imekuwa na hisa nyingi zaidi za EABL wenye Tusker. Mahali pa kiwanda bado kuna ziara ya watalii kuhusu bia yenyewe.

Kwa baa kuna sheria moja haijaandikwa: raundi. Mtu wa meza yako akinunulia wote, zamu yako inakuja. Ukinywa ya watu wanne na uteleze kabla ya yako, utakumbukwa. Kama bajeti hairuhusu, sema mapema kwamba unajinunulia, hakuna atakayekasirika. Muziki wa kiasili huchezwa baa nyingi jioni, wasee wameketi tu kwa kona na fidla na filimbi. Wimbo ukichezwa polepole na mtu mmoja akiimba, nyamaza. Hata baa yote itanyamaza.

Makaratasi: hapa ndipo watu hupoteza pesa

Skiza vizuri. Ireland iko Umoja wa Ulaya lakini haiko Schengen. Visa ya Schengen haikuingizi. Visa ya Uingereza peke yake haimwingizi Mkenya pia. Unahitaji visa ya Ireland yenyewe, ile ya muda mfupi inaitwa C, ambayo ni hadi siku 90. Ajenti akikuambia ati "zote ni Ulaya", shika pesa yako na uondoke polepole.

Unajaza fomu mtandaoni, unalipa, halafu unapeleka pasipoti na makaratasi. Ada imekuwa euro 60 ya kuingia mara moja na euro 100 ya kuingia mara nyingi, na ukinyimwa hairudi. Wanataka kuona taarifa za benki za miezi kadhaa, barua ya kazi ama biashara, mahali utalala, mpango wa safari, bima, na sababu za kutosha za wewe kurudi Kenya. Pesa ikiingia kwa akaunti ghafla wiki moja kabla, eleza ilitoka wapi. Unaweza kuomba kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, na usingoje wiki ya mwisho. Na usinunue tiketi ya ndege kabla visa itoke.

Mtego mwingine: Belfast iko Ireland Kaskazini, ambayo ni Uingereza. Mpakani hakuna mtu anakusimamisha mara nyingi, lakini visa yako ya Ireland haikupi ruhusa ya kuvuka. Usidanganywe na basi kupita bila kusimamishwa.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Dublin. Unabadilisha Dubai, Doha, Istanbul ama miji ya Ulaya. Ukipitia London ama nchi ya Schengen, angalia kwanza kama Mkenya anahitaji visa ya kupita hapo. Ukishafika Dublin, treni za Kilkenny zinatoka stesheni ya Heuston, na mabasi pia yapo. Ni karibu kilomita 130, fupi kuliko Nairobi kwenda Nakuru. Ukinunua tiketi ya treni mtandaoni mapema huwa ni nafuu kuliko ya dirishani. Kutoka stesheni hadi kasri unatembea tu.

Habari njema kidogo: soketi zao ni za pini tatu kama zetu, na wanaendesha upande wa kushoto kama sisi. Ukishuka basi, mshukuru dereva kwa sauti. Kila mtu hufanya hivyo huko. Jaribu kuwaza makanga wa Rongai akisikia hiyo.

Ukiwa na siku mbili

Siku ya kwanza, kasri asubuhi kabla ya umati, bustani, halafu shuka Butter Slip, pita Rothe House, maliza na mnara wa St Canice's jioni. Usiku ni Kyteler's ama baa yoyote yenye muziki. Siku ya pili, Medieval Mile Museum na Black Abbey, halafu mechi kama ipo.

Mwisho wa Juni jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hivyo una siku ndefu sana. Desemba giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni, na baridi inauma, lakini vyumba vya kulala hupatikana kwa bei poa. Agosti kuna tamasha kubwa la sanaa, na wikendi ya kwanza ya Juni huwa na tamasha la vichekesho linaitwa Cat Laughs. Hizo wiki vyumba hujaa, wekesha mapema.

Na ukikuta vijana na fimbo zao za hurling wakipiga mpira kwa nyasi za kasri ya Butler, chini ya kibao cha lugha mbili, simama kidogo uwaangalie. Mwaka wa 1366 hilo lingekuwa kosa. Siku hizi ni Jumanne tu.